Tiketi, Barua ya Balozi na Chemko

Ukitaka kumchokoza mzee wa Dar es Salaam, achana na Simba na Yanga. Muulize Msondo au Sikinde. Atakaa vizuri kwenye kiti, atakutazama umri, kisha utapewa mhadhara ambao hukuuomba.

Majina yenyewe yana ujanja wake. Msondo ni ile ngoma ndefu ya unyagoni, na sikinde ni ngoma ya Wazaramo, wenyeji wa Dar na Pwani. Bendi za magitaa na matarumbeta, zilizokuwa zikipiga rumba iliyopitia Cuba na Kongo, zilichukua majina ya ngoma za vijijini zikayafanya "mitindo" yao. Kila bendi ilikuwa na mtindo, la sivyo si bendi: Maquis walikuwa na Ogelea Piga Mbizi, Tancut Almasi ya Iringa walikuwa na Kinyekinye. Mtu haendi tu kucheza dansi. Anakwenda kucheza Sikinde.

Jambo ambalo vijana wa leo hushangaa ni nani aliyekuwa mwenye bendi. NUTA Jazz, ambayo baadaye ikawa JUWATA, kisha OTTU, na sasa Msondo Ngoma, ilianzishwa mwaka 1964 na chama cha wafanyakazi. Ndiyo, chama cha wafanyakazi kilikuwa na wapiga saksafoni kwenye orodha ya mishahara! Mlimani Park ilizaliwa mwaka 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi, na mwaka 1983 ikachukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la jiji, ambalo lilikuwa na kumbi zake, ikiwemo ile ya Kariakoo. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa. Gitaa lilikuwa mali ya mwajiri kama vile taipureta ilivyo mali ya ofisi, na ukihamia bendi nyingine unaliacha pale pale. Ndiyo maana wanamuziki wakihama mashabiki walikuwa wakilisimulia kama usajili wa mpira. Muhiddin Maalim Gurumo alitoka JUWATA akaenda Mlimani, akaenda Safari Sound, akarudi tena nyumbani Msondo. Kila safari aliacha vilio upande mmoja na vigelegele upande wa pili.

Mimi nilipelekwa DDC Kariakoo na mama yangu mdogo, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikiwa ndiyo kwanza nimemaliza sekondari. Mama mdogo ni fundi cherehani. Alinishonea shati kwa ajili ya usiku ule, akaniambia, "Mwanangu, ukifika ndani usikae mbele ya spika, utatoka kiziwi." Ndani kulijaa hadi mhudumu anapitisha bia juu ya vichwa vya watu. Jasho, marashi, moshi wa mishikaki kutoka nje. Nilitegemea fujo, nikakuta watu wamesimama wanasikiliza.

Hapa ndipo wapenzi wa fasihi wanapaswa kutega sikio. Wimbo wa dansi wa enzi ile ulikuwa na sehemu mbili. Kwanza kisa, taratibu: mume aliyetelekeza watoto, mtoto anayedharau wazazi, mke anayemlalamikia shemeji. Mara nyingi mwimbaji mwanaume aliimba kwa nafsi ya mwanamke, na hakuna aliyecheka. Baada ya kisa ndipo chemko: magitaa yanaongeza kasi, matarumbeta yanajibizana, na wale waliokuwa wamesimama kama wako msibani wanaingia katikati. Shabiki aliyeguswa anapanda kumtunza mwimbaji, noti inabandikwa kwenye paji la uso lenye jasho. Kwangu huo ulikuwa uhakiki, tena wenye gharama kuliko huu tunaoandika sisi. Wimbo mpya ulijaribiwa kwanza ukumbini, na ukipokewa vizuri ndipo unapelekwa kurekodiwa Radio Tanzania, ambako mashairi yalikaguliwa kabla ya kupita.

Lakini tusiipambe mno ile enzi. Serikali iliyolipa mishahara ya wapiga magitaa ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa na wasiwasi na wachezaji. Mwaka 1969 ulianza na Operesheni Vijana, vita dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, na kabla mwaka haujaisha muziki wa soul ukapigwa marufuku Dar es Salaam. Mwaka 1983 ikaja sheria ya Nguvu Kazi: kila mwenye nguvu athibitishe kwamba ana kazi. Msako ulipopita, mwanamke asiye na mume wala kitambulisho cha kazi alionekana mzururaji, na usiku alionekana kitu kibaya zaidi.

Mama mdogo alishona nyumbani. Kitambulisho angekitoa wapi? Alimwendea balozi wa nyumba kumi, akaandikiwa barua kwamba anajulikana na ana shughuli yake. Barua hiyo aliikunja, akaifunga kwenye pindo la kanga pamoja na nauli, na akaenda nayo dansini Jumamosi baada ya Jumamosi. Ilimwokoa mara mbili, anasema. Rafiki yake hakuwa na barua. Alipakiwa kwenye gari wakiwa wanatoka, akarudi mjini baada ya miezi, na dansini hakuonekana tena.

Kanda za Radio Tanzania hazina habari hiyo. Zina sauti za waliokuwa jukwaani, na hata hao hazikuwatajirisha. Sheria mpya ya hakimiliki ilikuja mwaka 1999, wakati bongo fleva imeshaanza kushika redio. Gurumo alistaafu baada ya kuimba zaidi ya nusu karne, na gari akalipata kwa zawadi ya Diamond Platnumz, kijana ambaye hakuwa hata amezaliwa Sikinde ilipoanza. Mwaka 2014 mzee akafariki. Wengi waliisifu ile zawadi, na kweli ilikuwa heshima. Mimi nilikuwa nahesabu ni mara ngapi nyimbo zake zilipigwa hewani.

Mama mdogo bado anashona. Juzi nilimuuliza alikuwa shabiki wa nani, nikijua jibu. Akasema Msondo. Nikashangaa: na zile Jumamosi zote za DDC kwa Sikinde? "Kariakoo mabasi yalikuwa karibu," akasema. "Huko kwingine ningetembea gizani."