Tuuze shamba tudunge goti? Historia fupi ya seli shina

Ukikaa barazani na wazee wa Ngamiani, Tanga, hukosi kusikia: "Mafuta ya magoti yameisha." Babu yangu ni mmoja wao. Ujanani alikata mkonge, zao lililoletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Katika miche 1,000, ni 62 tu iliyofika hai, lakini kufikia 1964 nchi yetu ilizalisha zaidi ya tani 200,000. Kuchuchumaa na kubeba mizigo mizito miaka nenda rudi huongeza hatari ya magoti kusagika.

Juzi babu kaambiwa kuna sindano ya seli shina "inayootesha goti upya". Bei yake ni shamba. Akaniuliza mimi msomi: tuuze?

Nikarudi kwenye historia. Mwaka 1743, London, daktari William Hunter aliandika kwamba gegedu likishaharibika halirudi. Sababu tunaijua leo: halina mishipa ya damu, na seli zake ni chache.

Miaka ya 1960, huko Moscow, Alexander Friedenstein alionyesha kuwa ndani ya uboho zimo seli zinazoweza kuunda mfupa. Mwaka 1991 Mmarekani Arnold Caplan akaziita seli shina za mesenkaima. Maabara zikageuka hata gegedu. Basi watu wakawaza: tuzidunge gotini!

Tatizo, goti si maabara. Caplan mwenyewe, mwaka 2017, alitaka jina libadilishwe: mwilini seli hizo hutuma ishara zaidi kuliko kujenga tishu mpya. Mwaka 2023 jarida la Nature Medicine likachapisha utafiti wa Marekani uliohusisha wagonjwa zaidi ya 400. Aina tatu za seli zilishindanishwa na sindano ya kawaida ya steroidi. Baada ya mwaka mmoja, hakuna iliyoishinda kwa kupunguza maumivu.

Seli shina si uongo, lakini. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imepandikiza uboho kwa watoto wenye selimundu. Huko seli zinafanya kazi yake ya asili: kutengeneza damu.

Nikamjibu babu: tusiuze. "Kwa hiyo mjukuu wangu, nimebaki na bamia?" Bamia ni mboga nzuri, babu, ila haijazi goti. Kinachosaidia ni mazoezi ya misuli ya mapaja na kupunguza uzito. Tumeanza kutembea pamoja kila asubuhi. Shamba bado lipo.