Kompyuta Ndogo ya Mezani Inayopozwa kwa Maji: Mambo ya Kujua Kabla Hujatoa Hela

Unataka kompyuta yenye nguvu ya kucheza gemu au kuhariri video, lakini huna nafasi ya lile boksi kubwa la kuweka chini ya meza? Inawezekana. Siku hizi mashine nzima, pamoja na mfumo wa kuipoza kwa maji, inaingia kwenye boksi lenye ujazo usiozidi ndoo ya lita 20.

Tatizo ni kwamba wengi wananunua vifaa kwanza halafu wanapima baadaye. Kwenye boksi dogo, milimita tano tu zinatosha kukurudisha dukani na hela imeshatoka.

Maji hayamalizi joto, yanalihamisha

Mfumo huu unafanya kazi kama rejeta ya gari. Pampu inasukuma maji mpaka kwenye kipande cha shaba kinachogusa prosesa. Maji yanabeba joto kupitia mipira miwili mpaka kwenye rejeta, kisha feni zinalipuliza nje.

Faida yake ni kwamba lita moja ya maji inabeba joto zaidi ya mara 3,000 kuliko lita moja ya hewa. Kwa hiyo unaweza kulitoa joto katikati ya boksi na kulipeleka pembeni, kwenye nafasi ya kupumua.

Ila kumbuka, maji hayo hayawezi kuwa ya baridi kuliko hewa ya chumba. Kama uko Dar es Salaam au Mombasa na chumba kina nyuzi 32, usitegemee namba unazoziona kwenye video za watu wa Ulaya wakati wa baridi.

Vifaa unavyohitaji

• Madabodi ya Mini-ITX. Umbo hili lilianzishwa na kampuni ya VIA mwaka 2001 na lina sentimita 17 kwa 17. Kwa kawaida lina nafasi mbili za RAM na moja ya kadi ya picha, basi. Chagua RAM ya kutosha mapema.

• Pawa saplai ya SFX. Ina sentimita 12.5 kwa 10 kwa 6.35, ndogo kuliko ile ya kawaida ya ATX.

• Kesi. Cooler Master NR200 ina lita 18 na kidogo na inapokea rejeta ya hadi milimita 280. FormD T1 ina takriban lita 10 na inapokea ya milimita 240, lakini kuifunga kunahitaji subira.

• Mfumo wa maji. Kwa anayeanza, chukua uliofungwa kiwandani, maarufu kama AIO. Maji yako ndani tayari, humimini chochote.

• Prosesa, kadi ya picha na SSD ya M.2. Hii ya M.2 inakaa kwenye madabodi yenyewe, hivyo unapunguza waya.

Pima mara mbili, nunua mara moja

Rejeta nyingi zina unene wa milimita 27 na feni ya kawaida ina 25. Jumla ni milimita 52. Hapo ndipo kasheshe inapoanza, maana kesi inaweza kuandikwa kwamba inapokea rejeta ya 240, lakini ukiweka kadi ya picha ndefu au RAM yenye mapambo marefu, vinagongana.

Fungua tovuti ya mtengenezaji wa kesi, angalia urefu na unene wa kadi inayoruhusiwa rejeta ikiwa imeshafungwa. Namba hiyo mara nyingi ni tofauti na ile iliyoandikwa kwa herufi kubwa.

Rejeta ikae wapi?

Hewa kidogo huwa inabaki ndani ya mfumo, na hewa hupanda juu. AIO nyingi zina pampu juu ya prosesa. Ukiweka rejeta chini ya pampu, hewa inajikusanya kwenye pampu. Utasikia mlio kama maji yanachemka, na pampu itachakaa mapema.

Kanuni ni rahisi: sehemu ya juu ya rejeta iwe juu kuliko pampu. Kuifunga kwenye paa la kesi ndiyo salama zaidi. Ikikaa ubavuni nayo ni sawa, mradi kanuni hiyo ifuatwe.

Hatua za kufunga

1. Weka prosesa, RAM na SSD kwenye madabodi ukiwa bado nje ya kesi. Ndani hakuna nafasi ya vidole.
2. Funga pawa saplai na upitishe waya zake kabla ya kitu kingine.
3. Ingiza madabodi, kisha funga rejeta na feni zake.
4. Paka pesti ya kupitisha joto kiasi cha punje ya njegere, kisha kaza skrubu za pampu kwa kukingamisha, kidogo kidogo. Kama kipande cha shaba kimekuja na pesti tayari, usiongeze.
5. Hakikisha mipira haijakunjika na haigusi feni.
6. Kadi ya picha iingie mwisho.
7. Washa, ingia kwenye BIOS, hakikisha pampu inazunguka na joto halipandi kwa kasi.

Ukitaka kujitengenezea mfumo wako mwenyewe

Wapo wanaonunua pampu, mipira na rejeta moja moja. Inapendeza, ila usichanganye alumini na shaba kwenye mfumo mmoja, vitaliwa na kutu. Na kabla ya kuwasha kompyuta, endesha pampu peke yake kwa saa 24 huku umetandika karatasi nyeupe chini. Tone likidondoka utaliona.

Boksi dogo halisamehi

Mwaka 2021 NZXT iliirudisha kutoka sokoni kesi yake ndogo ya H1, iliyokuja na mfumo wa maji ndani yake. Sababu haikuwa maji. Skrubu mbili zinazoshikilia ubao wa kuunganisha kadi ya picha zilikuwa na uwezekano wa kusababisha shoti na moto. Ukinunua kesi iliyotumika, tafuta kwanza kama iliwahi kurudishwa.

Je, unahitaji maji kweli?

Siyo lazima. Ryzen 7 7700 ya AMD imepangiwa wati 65 na inakuja na feni yake kwenye boksi. Ryzen 9 7950X imepangiwa wati 170, na hapo kwenye kesi ndogo maji yana maana. Hata hiyo inaweza kupunguzwa kwa Eco Mode kwenye BIOS.

Kwa hiyo anza na kazi unayotaka kufanya, kisha chagua prosesa, kisha rejeta, na kesi ije baadaye. Anayeanza na kesi kwa sababu ni nzuri kwenye picha ndiye anayeuza vifaa vipya kwa bei ya hasara. Na ukimaliza, safisha chujio la vumbi kila mwezi, maana rejeta iliyoziba ni sawa na kutokuwa na rejeta.