Nani Hujaza Mtungi Jumapili?

Ukitaka kumwona mtu wa Homa Bay au Migori anayeijua naitrojeni ya maji kwa mikono yake, usianzie hospitalini. Mtafute mhudumu anayepandisha ng'ombe kwa mrija. Kule Kabondo, Rongo au Awendo hufika bomani kwa pikipiki, mtungi wa alumini umefungwa nyuma kwa mipira. Akifungua kifuniko, ukungu mweupe humwagika kuelekea chini. Kikapu cha mbegu hukiinua hadi shingoni mwa mtungi, hakitoi nje, maana sekunde chache za ziada kwenye joto la nje zinatosha kuziharibu mbegu zote zilizomo. Huchomoa mrija mmoja kwa koleo, akautumbukiza katika maji ya vuguvugu kwa muda wa nusu dakika. Kabla hajaondoka hudidimiza kijiti mpaka sakafuni mwa mtungi, akakitoa, akakipunga hewani. Sehemu iliyoota barafu nyeupe humwonyesha kiasi cha naitrojeni kilichobaki. Kikiwa kidogo, kesho hana kazi nyingine ila kutafuta pa kujazia.

Naanza na ng'ombe kwa sababu historia ya kugandisha mbegu na viinitete ilipitia kwa mifugo. Kituo cha taifa cha kuzalisha mbegu za mafahali kilianzishwa Kabete mwaka 1946, na leo kinaitwa KAGRC. Miaka mitatu baadaye, Chris Polge na wenzake huko Uingereza waligundua, wakifanya majaribio na manii ya jogoo, kwamba gliserini huzikinga seli zisiuawe na baridi ya kugandishwa. Mwaka 1972 viinitete vya panya viligandishwa, vikayeyushwa, wakazaliwa panya. Mwaka uliofuata, Cambridge, ikawa zamu ya ndama. Binadamu alifuata: Louise Brown, mtoto wa kwanza wa IVF (yai kurutubishwa maabara, nje ya mwili), alizaliwa Oldham Julai 1978, na Machi 1984 Zoe Leyland akazaliwa Melbourne, Australia, kutokana na kiinitete kilichokuwa kimegandishwa. Kenya ilipata watoto wake wa kwanza wa IVF Mei 2006, wasichana wawili, kupitia kituo cha Dkt Joshua Noreh jijini Nairobi.

Ndani ya mtungi baridi hufikia nyuzi 196 chini ya sifuri. Hapo hakuna kinachokua wala kuoza. Julai 2025 huko Ohio, Marekani, alizaliwa mtoto kutokana na kiinitete kilichogandishwa mwaka 1994. Kwa hiyo swali la usalama wa mitungi halimhusu mtaalamu aliyevaa koti jeupe leo peke yake. Kliniki ya uzazi iliyopanga ghorofa moja Nairobi inaahidi kutunza kitu ambacho huenda kikadumu kuliko mkataba wake wa pango, na pengine kuliko daktari mwenyewe.

Wengi hudhani adui mkubwa ni umeme kupotea. Juni 2016 tumbili mmoja aliangukia transfoma katika kituo cha umeme cha Gitaru na nchi nzima ikaingia gizani. Agosti 2023 giza likarudi hata uwanja wa ndege wa JKIA. Lakini mtungi wenyewe hauhitaji umeme. Ni uzao wa chupa aliyobuni James Dewar mwaka 1892, ile iliyotuzalia chupa ya chai: kuta mbili, na katikati hakuna hewa. Kinachotaka umeme bila kukatika ni lile kabati la joto ambamo yai lililorutubishwa hukaa siku chache za mwanzo kwa nyuzi 37, na hewa yake imepimwa. Jenereta ikikataa kuwaka, huko ndiko hasara huanzia. Mtungi kifo chake ni cha polepole. Naitrojeni huchemka na kupotea kidogo kidogo kila siku, na ukuta ukipata ufa, huisha upesi bila mtu kusikia lolote.

Jumapili ya Machi 4, 2018, hayo yalitokea mara mbili. Katika hospitali moja ya Cleveland, Ohio, mfumo wa kujaza mtungi ulikuwa na hitilafu kwa wiki kadhaa, wafanyakazi wakawa wanamimina naitrojeni kwa mkono. Wikendi hiyo joto lilipanda. King'ora cha kupeleka taarifa kwa wahusika walio nje kilikuwa kimezimwa. Mayai na viinitete zaidi ya 4,000 viliharibika, vya wagonjwa wapatao 950. Siku hiyo hiyo, mtungi mwingine ukaharibika San Francisco ukiwa na mayai na viinitete karibu 3,500. Mwaka 2021, katika kesi ya San Francisco, baraza la wazee wa mahakama liliwapa walalamishi watano karibu dola milioni 15, na sehemu kubwa ya lawama ikaangukia kampuni iliyotengeneza mtungi. Sayansi ya kugandisha ilikuwa sawa kabisa. Kilichokosekana Cleveland ni mtu wa kusikia king'ora, na hilo ndilo jambo ambalo matangazo ya kliniki hayaligusi.

Naitrojeni hiyo hiyo inaweza kumdhuru anayeijaza. Lita moja ikigeuka hewa hujaza takriban lita 700, ikasukuma oksijeni nje ya chumba, na haina harufu. Chumba cha mitungi kisicho na kipima oksijeni ukutani ni mtego.

Halafu kuna hatari ya kuchanganya majina, mtoto akawa wa mwingine. Wakuria wa Kehancha, kama ndugu zao wa Tarime, wana ndoa ya nyumba ntobhu: mwanamke asiye na mtoto wa kiume hutoa mahari akaoa mwanamke mwenzake, na watoto wa huyo huwa wa nyumba yake. Unaweza kuipinga ndoa hiyo, na wapo wanaoipinga kwa hoja nzito, lakini ukoo huwa umeshaamua mtoto ni wa nani kabla hajatungwa. Maabara haina wazee wa kuulizwa. Ina lebo kwenye mrija, na kanuni kwamba kila hatua ishuhudiwe na watu wawili. Aprili 2025 kampuni ya Monash IVF ilikiri kwamba mwanamke mmoja huko Brisbane alikuwa amezaa mtoto wa watu wengine, baada ya kuwekewa kiinitete kisicho chake.

Uingereza ilitunga sheria ya mambo haya mwaka 1990, na mamlaka ya kukagua kliniki ikaanza kazi 1991. Kwetu, aliyelibeba jambo hili bungeni ni mwana wa Homa Bay, Millie Odhiambo, mbunge wa Suba Kaskazini. Alileta mswada wa IVF mwaka 2014, kisha mingine 2016, 2019 na 2022. Wenzake walibishana zaidi kuhusu anayebeba mimba kwa niaba ya mwingine, na kama atalipwa. Mitungi haikupata wasemaji wengi. Novemba 2025 Bunge la Taifa liliupitisha mswada wa 2022, ukaelekea Seneti.

Australia ilijifunza mapema kwa nini haya hayaachiwi kliniki. Mwaka 1983 Mario na Elsa Rios, wakazi wa Los Angeles, walikufa katika ajali ya ndege nchini Chile wakiacha viinitete viwili Melbourne, na urithi mkubwa. Hakuna aliyejua viinitete hivyo ni mali, ni warithi, au ni nini. Jimbo la Victoria likatunga sheria mwaka uliofuata. Mume na mke wa Mbita wanaolipa mamia ya maelfu ya shilingi kwa mzunguko mmoja Nairobi hawana cha kushika ila fomu ya kliniki. Wausome ukurasa wa hifadhi: ada ya kila mwaka, nini hutokea mmoja akifa, mitungi huhamishiwa wapi kliniki ikifungwa, na simu ya nani hulia king'ora kikilia usiku.