Kobalti ya Lualaba ndani ya injini za ndege: somo la mwaka 1978

LUBUDI – Wakaaji wengi wa eneo la Lubudi wanajua kwamba kobalti ya Fungurume inaingia ndani ya betri za simu na za magari. Wachache wanajua kwamba, miaka mingi kabla ya simu hizo, kobalti ya huku ilikuwa tayari inaruka angani.

Ndani ya injini ya ndege, hewa yenye moto huzungusha mapanga madogo ya chuma. Chuma cha kawaida kingelainika mara moja. Ndiyo maana viwanda huchanganya nikeli, kromu na kobalti. Injini inayovumilia joto kubwa zaidi huunguza mafuta machache kwa safari ileile, na moshi unapungua.

Katika miaka ya 1970, karibu nusu ya kobalti ya dunia ilitoka Zaire, kwa Gécamines, shirika lililozaliwa baada ya serikali kutwaa Union Minière mwaka 1967. Halafu tarehe 13 Mei 1978 wapiganaji wa FNLC, waliotoka Angola, waliingia Kolwezi. Tarehe 19, wanajeshi wa Ufaransa waliruka kwa miamvuli juu ya mji. Watu mamia walikufa, na familia nyingi zilikimbia zikiacha kila kitu.

Ulaya na Marekani, watengenezaji wa ndege waliingiwa na woga. Bei ya kobalti ilipanda mara kadhaa, hata sehemu yake ikasafirishwa kwa ndege, kwa sababu reli ya Benguela ilikuwa imefungwa na vita vya Angola tangu 1975.

Hapo ndipo viwanda vilijifunza kubana. Mahali palipotumika Waspaloy, chuma chenye kobalti kama 13 kwa mia, vingine viliweka Inconel 718, ambayo karibu haina kobalti. Mabaki ya chuma na vipande vya injini kuukuu vilikusanywa na kuyeyushwa upya. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, NASA nayo ilianzisha utafiti wa kupunguza madini hayo adimu.

Hakuna aliyefanya hivyo kwa kuhurumia mito ya Lualaba. Ilikuwa hofu ya bei. Lakini ilionekana wazi kwamba kiwanda kikitaka, kinaweza kutengeneza injini kwa madini machache.

Leo neno limekuwa mazingira. Mwaka 2022, nchi wanachama wa ICAO zilikubaliana kuelekea sifuri ya hewa chafu ifikapo 2050. Ndege ndogo ya umeme ya viti viwili, Velis Electro, ilipata kibali Ulaya mwaka 2020. Ndege za namna hiyo hutegemea betri, na aina nyingi za betri zinahitaji kobalti.

Hesabu hiyo kwa kawaida huanza pale ndege inapowashwa. Kwa familia zilizohamishwa Fungurume kupisha machimbo, hesabu ilianza shambani. Kila kilo inayoyeyushwa upya ni kilo isiyodai shamba jipya. Ni kweli pia kwamba ni kilo ambayo mchimbaji mdogo hataiuza, na watoto wake wanakula kwa kazi hiyo.

Basi anayeahidi ndege safi aulizwe mambo mawili: ardhi ya nani imechimbwa, na aliyehama amelipwa nini?