Adabu ya Ngoma na Asili ya Vyama Vyetu



Katika mkutano mkuu uliopita palizuka neno ambalo halikumalizika: je, siku ya sherehe ya Chama ngoma ipigwe au isipigwe? Ndugu mmoja alisimama akasema ya kuwa ngoma ni mambo ya wahuni, na chama cha kusaidiana ni cha watu wenye adabu. Wazee wawili walitazamana, wakatabasamu, wakanyamaza. Nami kazi yangu ilikuwa kuandika yasemwayo, si kusema. Basi kwa idhini ya Halmashauri nasema hapa, kwa kuwa naona ndugu yetu ameyageuza mambo juu chini. Sehemu kubwa ya adabu ambayo sisi twajisifia ilifunzwa uwanjani kabla ya kuandikwa katika daftari.

Tutazame Lamu kwanza. Katika goma, wanaume waliovaa kanzu husimama safu, kila mmoja na bakora yake, wakayumba polepole kwa pamoja. Mgeni asiyejua huuliza mchezo utaanza lini. Sheria yake yote ni kujizuia: mwenye kurukaruka ili aonekane peke yake amejitia aibu, naye ameitia aibu safu nzima. Kirumbizi ni kinyume chake kwa sura, lakini si kwa adabu. Watu huzunguka, ngoma na zumari zikalia, wawili wakaingia kati kwa fimbo. Fimbo hurushwa na fimbo hukingwa. Kisha hutoka, wengine wakaingia. Pigo la hasira halimo katika mchezo huo. Kijana hufunzwa jambo gumu kabisa, nalo ni kushika silaha mbele ya mshindani wake, watu wakimtazama, asiitumie kwa ghadhabu.

Katika miaka ya 1890, huko Lamu na Mombasa, ilizaliwa ngoma ya beni, ambayo jina lake latokana na neno la Kiingereza la bendi. Mombasa walikuwako Kingi na Scotchi, wakishindana kwa mavazi, kwa gwaride, kwa nyimbo na kwa karamu. Wengi waliowaona waliwacheka, wakidhani ni watu weusi waigao askari wa Kizungu. (Mimi pia nilisoma shule ya misheni, na huko sikusikia neno jema hata moja juu ya ngoma.) Lakini aliyetazama kwa makini aliona chama kamili: mlikuwa na mfalme, majemadari na makapteni, palikuwa na hata madaktari, na akina mama wenye vyeo vya uuguzi. Cheo kilikuwa na heshima yake, tena kilikuwa na gharama yake. Aliyetaka kuitwa mkubwa alipaswa kutoa kama mkubwa.

Wakati wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, askari na wachukuzi waliichukua beni mpaka mbali. Katika Tanganyika ilienea kwa majina mawili, Marini na Arinoti. Hapa ndipo nitakapo wanachama wasome polepole. Mtu wa Marini aliyefika mji asiojulikana aliwatafuta Marini wa mji ule, nao wakampokea. Akiugua walimtazama, akifa ugenini walimzika. Profesa Ranger, aliyetoa kitabu juu ya beni mwaka 1975, alionyesha wazi ya kuwa ngoma hiyo na kusaidiana vilikwenda pamoja. Serikali ya kikoloni, kwa upande wake, iliitilia shaka, kwa kuwa haikupenda kuona Waafrika wa makabila mbalimbali wakipangana na kutiiana bila amri yake.

Sitaki kuwapamba waliopita kupita kiasi. Mashindano yale yaliwafilisi watu. Ng'ombe walichinjwa ili upande wa pili ushindwe kulipa kwa mfano huo, na aliyebaki na deni hakuwa jemadari tena, alikuwa mdeni tu. Pengine ugomvi ulitoka katika nyimbo ukaingia katika ngumi. Wazee waliokasirishwa na hayo walikuwa na haki.

Akina mama wa Mombasa nao walikuwa na lelemama. Katika ngoma hiyo walivaa sare, wakasimama safu, wakacheza kwa mwendo mdogo wa mikono, kwa utulivu mwingi. Lakini maneno ya nyimbo hayakuwa na utulivu. Mpinzani alipigwa kwa fumbo, na adabu ilitaka ajibu kwa fumbo, si kwa matusi ya mlangoni. Mwenye kutenda jambo la aibu mtaani alijua ya kuwa huenda akalisikia likiimbwa mbele ya watu, wala hawezi kulalamika, maana kulalamika ni kukiri. Naona hukumu hiyo ilikuwa kali kuliko faini yetu, ambayo baadhi yetu tunainung'unikia kila mwisho wa mwezi.

Wanawake hao hao walikwenda pamoja arusini na matangani, wakachangiana. Na vilipoanzishwa Mombasa, katika miaka ya 1950, vyama vya wanawake wa Kiislamu kwa ajili ya elimu na maendeleo, waliovijenga walikuwemo waliokwisha kujuana katika lelemama. Walijua tayari jinsi ya kumchagua kiongozi, kukusanya fedha, kumwita aliyechelewa, na kushindana bila kuvunja mtaa. Hata ushindani wa zamani waliingia nao.

Swali la ngoma litaletwa tena mbele ya mkutano mkuu ujao. Wazee wale wawili nimewaomba waseme mara hii, nao wamekubali, kwa sharti moja: mzungumzaji wa kwanza awe yule ndugu aliyepinga, naye asikatizwe mpaka amalize.