Wakili wa Mdaiwa Mkubwa

Watu wakimtaja Andrew Chenge hawaachi kugusia kauli yake ya "vijisenti" ya 2008, mwaka aliojiuzulu uwaziri wa miundombinu. Lakini kabla hajawa mbunge wa Bariadi Magharibi mwaka 2005, alishika tangu 1993 kazi isiyopigiwa makofi: Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Raia anapoidai Serikali fidia, anayeandikwa kuwa mdaiwa ni mwenye cheo hicho.

Alipoingia ofisini, mdaiwa huyo alikuwa na ngome. Sheria ya Mashauri ya Serikali ya 1967, ilivyorekebishwa 1974, ilimtaka mdai apate kwanza ridhaa ya maandishi ya Serikali yenyewe ndipo afungue kesi. Mkulima wa pamba aliyegongwa na gari la Serikali alilazimika kuomba kibali kwa upande uleule uliomgonga. Barua ikikaa bila kujibiwa, dai limekufa.

Mwaka huohuo wa 1993 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Kukutia Ole Pumbun, ilikitangaza kifungu hicho cha ridhaa kuwa kinyume cha Katiba. Serikali haikukaa bure. Mwaka 1994 sheria ikarekebishwa: ridhaa ikaondoka, ikaja notisi ya siku zisizopungua 90, na kesi ikafunguliwe Mahakama Kuu. Kwa maoni yangu sharti hilo la mwisho ndilo zito kwa mtu wa kijijini, kwa kuwa siku hupita zenyewe, nauli haijilipi.

Kisha likaja janga la Ziwa Victoria. Asubuhi ya Mei 21, 1996, MV Bukoba ilipinduka ikikaribia Mwanza. Meli ilijengwa kubeba abiria 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili pekee ilikuwa na watu 443. Daraja la tatu, walikopanda wenye tiketi nafuu, halikuwa na orodha. Waokoaji walipotoboa tumbo la meli, hewa ikatoka, ikazama. Wengi waliokufa walizikwa Igoma, Mwanza.

Hapo ndipo kazi ya wakili wa utetezi huonekana ilivyo. Katika janga kama hilo hana haja ya kubisha kwamba meli ilizama. Humuuliza mama mfiwa: utathibitishaje kwamba mwanao alipanda? Alikuwa anakupa kiasi gani kwa mwezi? Ni maswali halali na yanauma, na kwa abiria wa daraja la tatu karatasi ya kuyajibu haikuwapo. Tena meli ilikuwa ya Shirika la Reli, chombo kilichokuwa kikishtakiwa kwa jina lake, si la Mwanasheria Mkuu. Maofisa wake tisa, nahodha akiwamo, walifunguliwa mashtaka ya jinai.

Mpaka huo kati ya Serikali na mashirika yake umefifia. Februari 2018 iliundwa Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali, ikachukua kazi ya kusimama mahakamani. Mwaka 2020 sheria ikaagiza kwamba hata anayeidai halmashauri au shirika la umma amuunganishe Mwanasheria Mkuu, la sivyo shauri linabatilika.

Kwa mkazi wa Bariadi, Maswa au Meatu, kwenda Mahakama Kuu ni safari. Mwenye dai asifunge safari hiyo bila nakala ya notisi iliyogongwa muhuri wa tarehe ya kupokelewa, maana muhuri huo ndio utakaoulizwa kwanza.