Wi-Fi haifiki chumba cha nyuma? Hivi ndivyo unavyounganisha rauta ya pili bila kuzima intaneti ya nyumba nzima

Nyumba nyingi zilizovutiwa faiba zina tatizo moja. Fundi wa kampuni alikuja, akafunga kisanduku sebuleni karibu na TV, akajaribu spidi akiwa amesimama palepale, akaondoka. Chumba cha nyuma mtoto anasoma masomo ya mtandaoni kwa kubahatisha, na nyumba ndogo ya uani simu inaonyesha mshipi mmoja wa Wi-Fi, tena unakuja na kupotea.

Mara nyingi tatizo si kifurushi. Kuongeza malipo ya mwezi hakusaidii mawimbi kupenya ukuta. Ukuta wa mawe huyadhoofisha, na kwenye nyumba za zamani za pwani, zile za mawe ya matumbawe zenye kuta nene, Wi-Fi ya 5 GHz inaweza kufa baada ya ukuta mmoja tu. Ile ya 2.4 GHz hupenya vizuri zaidi, ila ina spidi ndogo na huingiliana sana na Wi-Fi za majirani.

Dawa ni rauta ya pili, hata ile ya zamani iliyotupwa kabatini. Lakini ikiunganishwa vibaya, haiharibu chumba kimoja tu. Inaweza kukata intaneti ya nyumba nzima, na watu wakaanza kuilaumu kampuni bure.

Kwanza, kile kisanduku kinafanya nini?

Kisanduku cha faiba hakipokei tu mwanga kutoka kwenye ule waya mwembamba. Ni rauta pia, kinarusha Wi-Fi, na kina matundu kadhaa ya kebo nyuma yake. Kazi yake moja muhimu ni kugawa anwani za IP: kila simu au TV inayojiunga inaomba namba, nayo inapewa. Huduma hiyo kwenye menyu huandikwa DHCP.

Rauta ya pili nayo inakuja na DHCP yake ikiwa imewashwa. Hapo ndipo balaa huanzia. Ukichomeka kebo kutoka tundu la LAN la kisanduku hadi tundu la LAN la rauta ya pili bila kuizima, nyumba inakuwa na wagawaji wawili wa anwani. Simu moja inapata namba sahihi, nyingine inapewa njia isiyoelekea popote. Huyu ana intaneti, yule hana, na kesho inageuka.

Njia inayowafaa wengi

Kwa anayetaka tu Wi-Fi ifike mbali, rauta ya pili iache kazi ya urauta na ibaki kurusha mawimbi. Rauta nyingi mpya zina hali hiyo tayari kwenye menyu, imeandikwa AP au Access Point. Ukiichagua, rauta inajiwasha upya na DHCP yake inazimika yenyewe. Unachomeka kebo, kazi imeisha.

Ya zamani isiyo na hali hiyo inahitaji mkono. Ibonyeze kitufe cha reset kwa kama sekunde 10 ili isahau mipangilio ya mwenye nyumba aliyepita. Kabla ya kuiunganisha na kisanduku, jiunge na Wi-Fi yake kwa simu. Zima data ya simu kwanza! Simu ikiona Wi-Fi haina intaneti hurukia bando kimyakimya, na ukurasa wa rauta hautafunguka hata ukibonyeza mara ngapi.

Fungua kivinjari, andika anwani iliyobandikwa chini ya rauta, kwa kawaida 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Ukishaingia, weka jina la Wi-Fi na nywila mpya, usalama uwe WPA2 au WPA3. Kisha badilisha anwani ya rauta yenyewe ilingane na familia ya kisanduku. Kama kisanduku ni 192.168.100.1, rauta ya pili inaweza kuwa 192.168.100.2, mradi namba hiyo isiwe ndani ya zile ambazo kisanduku kinazigawa. Rauta itajiwasha upya. Ingia tena kwa anwani hiyo mpya. Mwisho kabisa, zima DHCP na uhifadhi.

Sasa ndiyo kebo: LAN ya kisanduku kwenda LAN ya rauta ya pili. Lile tundu la WAN, ambalo mara nyingi lina rangi tofauti, linabaki tupu.

Na ukiwa na mpangaji au duka?

Kuna njia nyingine: kebo itoke LAN ya kisanduku iingie WAN ya rauta ya pili, na DHCP ibaki imewashwa. Hapo rauta ya pili inatengeneza mtandao wake peke yake. Ni rahisi, ila familia za anwani zisifanane. Kama kisanduku kinatumia 192.168.1.1 na rauta ya pili ni hiyohiyo, ibadilishe iwe kitu kama 192.168.10.1.

Gharama yake ni kwamba vifaa vya pande mbili havionani vizuri. Printa iliyo sebuleni inaweza isionekane ukiitafuta kwa simu chumbani, na baadhi ya michezo ya mtandaoni hulalamika kwa kupita rauta mbili.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hulielewa kinyume. Watu humweka mpangaji au mgeni kwenye rauta ya pili wakidhani wamejitenga naye. Ukweli ni kwamba aliye nyuma ya rauta ya pili anaweza kuvifikia vifaa vilivyounganishwa kwenye kisanduku, kamera za ulinzi zikiwemo. Wa upande wa kisanduku ndiye hawezi kuingia nyuma ya rauta ya pili kirahisi. Kwa hiyo wanaolindwa na mpango huu ni waliokaa nyuma. Kwa mgeni, ni heri kuwasha Wi-Fi ya wageni kwenye kisanduku, kama ipo. Na kumuuzia jirani intaneti ya nyumbani ni jambo la kuuliza kwanza, maana mikataba mingi hairuhusu.

Kebo ndiyo inayoangusha wengi

Kebo ya Cat5e inafika mita 100, inatosha nyumba na uani. Tatizo ni kebo za bei rahisi ambazo nyaya zake ni alumini iliyopakwa shaba. Zinakatika upesi na hazifai umbali mrefu. Omba ya shaba tupu. Fundi akifunga nyaya 4 tu badala ya 8, spidi haitavuka Mbps 100. Rauta nyingi za bei nafuu nazo matundu yake yana kikomo hichohicho, hivyo mwenye kifurushi cha Mbps 200 asishangae kuona nusu yake upande wa pili.

Kebo ikipita nje kati ya majengo mawili, iwe ya kuhimili jua na mvua, na ichomolewe radi ikianza. Radi hupitia humo na kuua vifaa vya pande zote mbili.

Kwa wenye Starlink, rauta ya kizazi cha 2 haina tundu la kebo, inahitaji adapta. Ya kizazi cha 3 ina matundu mawili.

Pasipowezekana kuvuta kebo, kuna vile vifaa vya kudaka Wi-Fi na kuirusha tena. Vinasaidia, lakini vingi hukata spidi karibu nusu, na vikiwekwa ndani ya chumba chenyewe kisicho na mawimbi havina cha kudaka. Viwekwe katikati ya njia.

Jina moja au mawili?

Ukitumia jina na nywila ileile kwa rauta zote, simu huhama yenyewe unapotembea, japo simu nyingine hung'ang'ania mawimbi hafifu ya sebuleni hadi uzime na kuwasha Wi-Fi. Chaneli ndizo ziwe tofauti: kwa 2.4 GHz chagua kati ya 1, 6 na 11, kisanduku hiki, rauta ile.

Kisha jaribu. Simama chumba cha nyuma, data ya simu ikiwa imezimwa, na fungua video. Wi-Fi ikijaa lakini haifungui kitu, rudi kwenye DHCP na tundu ulilochomeka. Ukikwama zaidi, chomoa kebo ya rauta ya pili, uzime na kuwasha kisanduku: intaneti ya sebuleni ikirudi, kosa liko kwenye rauta ya pili wala si kwa kampuni.